Likizo Ni ya Nani?



Sisi Wakatoliki tumezoea mmisionari asiye na mke wala mume. Padre, bruda au sista akiisha kutumika miaka kadhaa, hupewa likizo. Huenda kwao akasalimia mama mzazi na ndugu, akapumzika, akapita parokia moja mbili kueleza kazi yake na kuomba msaada, kisha akarudi kwetu. Hakuna anayemwuliza, "Siku hizi ni za nani?" Ni zake na za shirika lake.

Lakini wako wamisionari wenye ndoa. Wamekuwako tangu zamani kati ya ndugu zetu wa makanisa mengine, na siku hizi wako pia Wakatoliki walei wanaotumwa mume na mke pamoja na watoto wao. Mtu wa namna hii akirudi nyumbani, mambo si rahisi. Waliomtuma wanataka taarifa. Wafadhili wanataka kumsikia. Mama mzazi anataka kumtazama usoni. Mwenzake wa ndoa amengoja. Na mtoto aliyeachwa akinyonya anajificha nyuma ya nguo ya mama na kuuliza, "Huyu ni nani?" Kati ya hawa wote, nani ana haki ya kwanza?

Usidhani swali hili ni la wamisionari peke yao. Lisome ukimfikiria baba anayefanya kazi Nairobi au Mombasa na kufika nyumbani mwezi wa Desemba. Mfikirie mama aliyekwenda Saudia kwa mkataba wa miaka miwili. Mfikirie askari, dereva wa lori, mwalimu aliyepelekwa wilaya ya mbali. Na hata kama unalala nyumbani kila siku, jiulize kama jioni zako zote hazijagawiwa kwaya, jumuiya, kamati ya harusi na mikutano ya harambee.

Ili tulione jambo lenyewe vizuri, tuitazame familia moja ambayo maisha yake yanajulikana sana kwa sababu barua zao zimehifadhiwa. Ni familia ya David Livingstone na mkewe Mary. Hawakuwa Wakatoliki, lakini kilio cha mtoto hakina dhehebu, na mke anayengoja ni mke anayengoja.

KWAO NI WAPI?

Mary alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1821, mahali paitwapo Griquatown. Baba yake alikuwa mmisionari Robert Moffat, na mama yake pia aliitwa Mary. Alikulia Kuruman, kati ya Watswana, akiijua lugha yao tangu utotoni. Uingereza aliiona akiwa msichana wa miaka kumi na minane, wazazi wake walipokwenda huko mwaka 1839. Likizo ile iliendelea hadi mwanzo wa 1843. Mwaka 1840 baba yake alichapisha London Agano Jipya kwa Kitswana, na kila mji ulimtaka aje asimulie habari za Afrika. Kwa hiyo Mary alijua kabla hajaolewa jinsi likizo ya mmisionari inavyoweza kuwa: baba anakuwa wa watu wote.

Aliolewa na Livingstone huko Kuruman mwezi wa Januari 1845. Wakajenga nyumba, wakaanzisha shule, wakazaa. Mume alikuwa mtu wa kusafiri, na mwanzoni mke na watoto walisafiri naye katika gari la kukokotwa na maksai. Mwaka 1850 walikwenda hadi Ziwa Ngami. Waliporudi Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, ambaye aliishi majuma machache tu. Mwaka uliofuata Livingstone alitaka kwenda tena, na Mary alikuwa mja mzito tena. Mama mkwe alimwandikia mkwewe barua kali, akamwuliza kama kumpoteza mtoto mmoja hakukutosha. Hata hivyo walikwenda, na mtoto wao Oswell alizaliwa njiani, kando ya mto, Septemba 1851.

Hapo Livingstone akaamua kwamba Mary na watoto wanne waende Uingereza, naye aendelee na safari za bara peke yake. Tumtendee haki: homa ya bara iliua watu wengi, mapigano yalikuwa yanakaribia nyumba yao ya Kolobeng, na watoto walihitaji shule. Alifikiri watatengana kwa miaka miwili hivi. Tarehe 23 Aprili 1852 merikebu iliondoka Cape Town na mke na watoto.

Watu walisema, "Amewapeleka nyumbani." Lakini nyumbani kwa nani? Kwa David, Uskoti ilikuwa nyumbani. Alizaliwa Blantyre, na wazazi wake walikaa karibu, katika mji wa Hamilton. Kwa Mary ilikuwa nchi ya ugeni, yenye baridi, na wenye nyumba walikuwa wakwe asiowajua. Hakukuwa na mume wa kukaa katikati na kusema, "Mama, mvumilie, Mary, mwelewe." Hawakuelewana. Baada ya miezi michache Mary alichukua watoto akaondoka, akawa anahama mji huu hadi ule, mara kwa marafiki, mara katika vyumba vya kupanga, akiandika barua kwa wakubwa wa shirika kuomba fedha za kujikimu.

Wake wengi watakaosoma habari hii watamwelewa Mary pasipo maelezo. Mume anafanya kazi mjini, na mke "amepelekwa nyumbani" kwa kina mume. Mume anadhani amemweka mahali pa salama, kwa kuwa yeye mwenyewe anamkumbuka pale kila mti na kila jiwe. Mke anaamka kila asubuhi kuwa mgeni. Kwa hiyo kabla hamjasema neno "nyumbani", kila mmoja amwulize mwenzake: Wewe moyo wako unatulia wapi?

MIEZI KUMI NA MITANO

Ile miaka miwili ikawa zaidi ya minne na nusu. Livingstone alivuka Afrika kutoka Luanda upande wa magharibi hadi Quelimane upande wa mashariki, akafika Uingereza Desemba 1856. Oswell, aliyemwacha akiwa na miezi saba, alikuwa ametimiza miaka mitano. Robert, mkubwa wao, alikuwa karibu miaka kumi na mmoja. Baba yake Livingstone mwenyewe alikuwa amefariki mwaka huohuo, kabla mwana hajafika. Mary alimtungia mumewe mashairi ya kumkaribisha, yenye tumaini kwamba hawataachana tena.

Walikaa Uingereza miezi kumi na mitano. Ilitumikaje?

Tarehe 15 Desemba 1856, siku chache tu baada ya kufika, alikuwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia mjini London akipewa nishani ya dhahabu. Siku iliyofuata alikuwa katika mkutano mkubwa wa shirika lake la kimisionari. Mwenyekiti wa mkutano ule, Lord Shaftesbury, alimsifu Mary mbele ya watu wote kwa uvumilivu wake. Sifa ile ilimstahili. Lakini Mary hakuwa amengoja miaka ile yote ili asifiwe ukumbini.

Mwaka 1857 Livingstone alikaa akiandika kitabu cha safari zake. Kwa muda walikaa pamoja katika nyumba ya Hadley Green, nje ya London, na hapo inasimuliwa habari ya kufurahisha: aliweza kuandika huku watoto wakicheza na kupiga kelele kando yake, na jioni alitembea nao msituni, akijificha ghafla katika majani ili wamtafute. Wanandoa, msiipite habari hii haraka. Katika likizo ile yote ya fahari, pengine saa zile za majani ndizo watoto walizozikumbuka.

Kitabu kilitoka Novemba 1857, na nakala za kwanza 12,000 zilikuwa zimekwisha kuagizwa zote. Miji ilimwita mmoja baada ya mwingine: Dublin, Manchester, Glasgow, Edinburgh. Desemba alihutubia wanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge. Februari 1858 alionana na Malkia Victoria. Machi 1858 akapanda merikebu tena. Safari hii Mary alikwenda naye pamoja na Oswell mdogo. Robert, Agnes na Thomas wakaachwa Hamilton kwa bibi yao na shangazi zao.

Je, Livingstone alikuwa nyumbani miezi ile kumi na mitano? Mwili wake ulikuwako. Lakini kuwa nyumbani ni zaidi ya kulala chini ya paa moja na wenzako.

AHADI MBILI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii.

Livingstone alifika Luanda tarehe 31 Mei 1854, amedhoofika kabisa kwa homa. Bandarini palikuwa na manowari za Waingereza, na wakubwa wake walikuwa tayari kumchukua hadi kwao. Miaka miwili aliyoifikiria ilikuwa imetimia. Mke na watoto walikuwa Uingereza wakingoja. Alikataa kupanda.

Kwa nini? Alikuwa na hamu ya kutafuta njia ya kwenda mashariki, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ya heshima. Alikuwa na wanaume 27 waliotoka naye kwa chifu Sekeletu, zaidi ya mwendo wa miezi sita, naye alikuwa ameahidi kuwarudisha kwao. Peke yao hawangefika salama. Basi mgonjwa yule aligeuka akairudia njia yote, na mwaka 1855 akawafikisha, wote 27 wakiwa hai.

Nani atamlaumu mtu aliyetimiza ahadi ya namna hiyo? Siku zile wageni wengi waliwatumia Waafrika kama wanyama wa mizigo na kuwatupa njiani. Huyu alilishika neno lake.

Lakini kulikuwa na ahadi mbili. Moja aliiweka mbele ya chifu. Nyingine aliiweka mbele ya Mungu na ya mwanamke mmoja huko Kuruman. Zote mbili zilikuwa za kweli, na siku ile ya Luanda hakuweza kuzitimiza zote kwa wakati mmoja. Simhukumu kwa siku ile. Ninachouliza ni hiki: kwa nini katika maisha yake ahadi ya nje ilishinda kila mara, na ya nyumbani ikaambiwa ingoje? Na kwa nini katika maisha yetu mambo huenda vivyo hivyo?

Nafikiri sababu ni hii. Wa nje hawatusamehi. Ukimvunjia bosi miadi, utafutwa kazi. Ukikosa kikao cha kamati, utasemwa. Ukikosa matanga ya jirani, itakumbukwa miaka kumi. Lakini ukimwambia mkeo, "Leo haiwezekani, tutazungumza siku nyingine," atasamehe. Ukimwambia mtoto, "Nitakuja siku yako ya wazazi shuleni," usiende, atasamehe. Kesho atakupokea mlangoni akicheka. Basi tunawalipa kwanza wale wasiosamehe, na wale wanaosamehe tunawakopa. Tunawakopa tena na tena, kwa kuwa hawatupeleki kortini.

Tazama ubaya wake. Msamaha wa mwenzako ni zawadi ya mapendo, nasi tumeufanya kuwa akiba ya kuchotea. Anayetupenda zaidi ndiye anayepata kidogo zaidi, na sababu yake ni mapendo yake yenyewe. Hii si haki. Hata mfanyabiashara mwema hamwadhibu mdai wake kwa kuwa mpole.

JE, WEMA WA WENGI HAULIPI?

Labda mume mmoja anasema, "Lakini kazi yake ilikuwa kubwa. Iliwafaa maelfu. Watu watano wa nyumba moja ni nini?"

Ni neno zito, nasi wa Afrika Mashariki hatuwezi kulidharau. Livingstone alipaza sauti dhidi ya biashara ya watumwa hata Uingereza ikamsikia. Hotuba yake ya Cambridge ilizaa misheni ya vyuo vikuu, ambayo mwaka 1864 ilihamia Unguja. Mwaka 1873, mwaka aliofariki, soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na wamisionari wale wakajenga kanisa lao kuu pale Mkunazini penye soko hilo. Maiti yake ilipobebwa na akina Chuma na Susi kutoka bara hadi pwani, Februari 1874, ni mapadre wetu wa Shirika la Roho Mtakatifu huko Bagamoyo walioipokea. Sisi ni kati ya waliofaidika na safari zake.

Lakini tuulize: bei ililipwa na nani? Mtu akiacha usingizi wake, raha yake na afya yake kwa ajili ya wengine, huyo ametoa sadaka, na Mungu ataipokea. Livingstone alitoa hivyo, tena bila ubahili. Lakini baba wa Robert hakuwa mali ya David peke yake. Alikuwa mali ya Robert pia. Sadaka hutolewa katika mfuko wako. Ukitia mkono katika mfuko wa mtoto aliyelala, ukachukua alicho nacho, ukakiweka katika kapu la kanisa, maskini watafaidika kweli, lakini hiyo si sadaka yako.

Robert huyu alikua bila kutulia. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, alikuja hadi Natal akitaka kumfikia baba yake. Hakuweza. Akaishia Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akaingia jeshini kwa jina la kujipa. Alimwandikia baba yake kwamba amebadili jina ili asilitie la ukoo aibu zaidi. Alitekwa vitani, akafa mfungwa huko North Carolina Desemba 1864, hajatimiza miaka kumi na tisa. Sisemi kwamba baba ndiye aliyemwua. Watoto wa wazazi waliokaa nyumbani nao hupotea. Nasema tu kwamba kijana alivuka bahari kumtafuta baba yake, na mzazi yeyote anajua maana yake.

Na Mary? Safari ile ya 1858 hakufika mbali na mumewe. Aligundua njiani kwamba ni mja mzito, akaachwa Cape Town, akajifungua Anna Mary kwa wazazi wake Kuruman, baadaye akarudi Uskoti kwa watoto wake. Mwaka 1861 aliondoka tena kumfuata mume. Walikutana mwanzo wa 1862, wakakaa pamoja muda usiofika miezi mitatu. Akafa kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, tarehe 27 Aprili, akazikwa chini ya mbuyu. Mume yule aliyestahimili simba na njaa alilia kama mtoto.

LIKIZO YA PILI

Aliporudi Uingereza mwaka 1864 alikuwa mjane. Hapo ndipo alipomwona Anna Mary kwa mara ya kwanza. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Safari hii alikaa karibu miezi minane mahali pamoja, nyumbani kwa rafiki huko Newstead. Binti yake Agnes alikaa naye, akimsaidia kunakili kitabu chake cha pili. Wale waliowaona walisema baba na binti walizoeana sana. Agosti 1865 akaondoka, na watoto wake hawakumwona tena.

Baadaye aliandika neno ambalo kila baba angelikata na kulibandika ukutani. Alisema majuto yake ni kwamba hakuona kucheza na watoto kuwa wajibu wake kama vile kuwafundisha watu. Alifanya kazi mchana kutwa, jioni akawa amechoka, hana nguvu za kucheza. Na sasa hakuna tena wa kucheza naye. Hakujutia kuvuka Afrika. Alijutia jioni.

Hapa tusikosee upande wa pili. Mke na watoto nao si wenye kummiliki mtu kama ng'ombe wa zizini. Mary hakumtaka mume asiye na kazi. Yeye mwenyewe alizaliwa katika misheni, alifundisha shule Kolobeng, na alivuka bahari kumfuata mumewe katika kazi ile. Alichotaka ni kuhesabiwa katika shauri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliita familia Kanisa la nyumbani. Kama ni hivyo, mmisionari anayerudi kwake hajaacha utume akaenda kupumzika. Ametoka Kanisa moja akaingia lingine, dogo zaidi, ambalo hakuna padre wala askofu awezaye kulitumikia badala yake. Mikutano ya London ingeweza kupata msemaji mwingine, hata kama si hodari kama yeye. Oswell hangeweza kupata baba mwingine.

BASI TUFANYEJE?

Wewe unayerudi, siku za kwanza wape walio ndani. Ndugu, jumuiya na marafiki watangoja juma moja, hawatakufa. Kabla hujaanza kusimulia habari zako za mbali, uliza habari za waliobaki, na usikilize hadi mwisho. Aliyebaki naye amesafiri: amevuka ugonjwa wa mtoto usiku bila gari, amevuka karo bila fedha, amevuka maneno ya majirani.

Usikae kama mgeni. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba anayeletewa maji ya kunawa mwezi mzima hajarudi nyumbani, amekuja hotelini. Shika jembe, peleka mtoto zahanati, kaa na madaftari ya shule. Lakini usishike vyote siku moja. Nyumba imejifunza kuenda bila wewe, na mwenzako ameweka taratibu zake. Ukizipindua zote kwa siku tatu kisha ukaondoka, utamwachia kazi ya kujenga upya.

Wewe uliyebaki, usimpokee mlangoni na daftari la madeni. Yapo, na siku ya kuyasoma itafika. Lakini mpe kwanza kiti. Usiwaambie watoto, "Babenu hatujali." Wafungulie njia ya kumwendea, hata kama wewe bado una kidonda. Na ukikosewa usinyamaze kwa jina la uvumilivu. Uvumilivu unaomficha mwenzako ukweli humfanya aendelee kukopa.

Ninyi wawili, safari ijayo iamuliwe na wawili. Semeni itakuwa ya muda gani, na ukipita nani atapiga simu kwanza na kusema nini. Ikiwezekana, watoto wakubwa waulizwe. Livingstone alisema miwili, ikawa minne na zaidi, na hakuna aliyekaa naye kuhesabu. Siku hizi simu iko mfukoni, na sauti yako inaweza kufika jikoni kila jioni. Ni msaada mkubwa, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Simu haimfuti mtoto machozi.

Na wewe unayelala nyumbani kila siku, usijione umepona. Hesabu jioni za juma lililopita. Ngapi zilikuwa za wale wasiokusamehe, na ngapi za wale wanaokusamehe?

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

1. Ni ahadi gani uliyomwekea mwenzako ambayo umeiahirisha kwa sababu unajua atasamehe?

2. Mahali tunapopaita "nyumbani", je, ni nyumbani kwetu sote wawili?

3. Watoto wetu wakiulizwa wakumbuke saa moja waliyokaa nasi mwaka huu, watataja ipi?

Zungumzeni watoto wakiisha kulala, televisheni ikiwa imezimwa. Msijaribu kumaliza yote usiku mmoja. Chagueni deni moja, dogo, linaloweza kulipwa juma hili, mkalipe.